Ini la Refa

"Tafadhali chagua moja," Mizani ilisema.

Daktari Subilaga Mwankenja alikuwa ameisikia sentensi hiyo mara nyingi asubuhi ile, hadi midomo yake ilikuwa imeanza kuitamka pamoja nayo. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti, akaivaa tena. Mbele yake, juu ya meza ya kioo, ini la mgonjwa lilielea katika mwanga wa buluu, likizunguka polepole kana kwamba linatafutiwa mnunuzi. Upande wa kulia wa ini ulikaa uvimbe wa mviringo, mkubwa kama chungwa, na Mizani ilikuwa imekwisha kuuzungushia duara jekundu.

Kando ya ini yalining'inia majina saba. La kwanza, ambalo lilikuwa likimetameta, lilisema: saratani ya ini.

"Si saratani," Subilaga alisema. "Nakueleza tena. Huyu dada hana homa ya ini na hajawahi kuwa nayo. Ini lake laini, halina kovu hata moja. Saratani ya ini mara nyingi huota kwenye ini lililochakaa. Hili ni ini la mtu anayekimbia kila siku ya Mungu."

"Nimezingatia, Daktari."

"Hujazingatia. Tazama." Aliingiza kidole ndani ya picha, kikageuka buluu. "Huu mng'ao ni mafuta. Na huu mshipa mnene unaotoka katikati ya uvimbe, unakimbilia moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa wa ini. Saratani haina kawaida ya kujitengenezea bomba zuri namna hii. Juu ya hayo nimechomoa nyama kwa sindano, nimeitia rangi, na chembe zimegeuka kahawia kama zilivyopaswa kugeuka. Hii ni anjiomayolipoma. Mafuta, misuli na mishipa ya damu vimejiviringa pamoja mahali pasipo pao, basi. Uvimbe huu kuhamia kwingine mwilini ni nadra sana. Kwa kawaida unakaa tu."

"Ushahidi umepokelewa na kuhifadhiwa," Mizani ilijibu kwa ile sauti ya upole iliyotengenezwa isimkere mtu yeyote. "Jina ulilotaja halimo. Tafadhali chagua moja."

Subilaga aliipiga meza kwa kiganja. Ini likatikisika, kisha likaendelea kuzunguka.

Miaka ya nyuma, Mizani, mashine ya kusoma picha na kutaja magonjwa, iliposimikwa katika hospitali zote za nchi, kulikuwa na jina la nane. Lilikuwa linasema "haijulikani." Madaktari waliokuwa na haraka wakalipenda kupita kiasi, wagonjwa wakajazana humo wakingoja kujulikana, na wengi wakafa wakingoja. Wakubwa wakaliondoa. Tangu siku hiyo kila uvimbe lazima uwe na jina, na kila jina linajiitia tiba yake lenyewe. Saratani ya ini inaita siafu.

Siafu wenyewe hawaonekani kwa macho. Ni mashine ndogo kuliko chembe ya damu, maelfu kwa maelfu ndani ya bomba moja la sindano, na kabla ya kuingizwa mwilini hufundishwa nyama ipi waile. Wakifundishwa saratani, wanakula uvimbe na kipande kipana cha ini kuuzunguka, huku wakiziba mishipa wanayoifahamu. Katika Hospitali ya Kawetere hakuna aliyekuwa amepasuliwa ini kwa kisu kwa miaka mingi, na Subilaga hakuwa na kinyongo na hilo. Siafu walikuwa wamewaokoa watu wengi mikononi mwake. Lakini uvimbe huu ulikuwa na mishipa minene, iliyopindapinda, yenye kuta dhaifu, mishipa ambayo siafu hawakuwahi kufundishwa. Wangeitafuna kabla ya kuiziba. Mgonjwa angejaa damu tumboni akiwa amelala anatabasamu kwa dawa ya usingizi.

Miadi ya siafu ilikuwa imekwisha kupangwa. Alhamisi asubuhi.

*

Alipiga simu ofisi kuu ya Mizani. Ikapokelewa na Mizani. Alitamka neno "binadamu" kwa sauti ya kupanda, tena na tena, mpaka akaunganishwa na kijana ambaye alisikika kama mtu anayetafuna karanga.

"Ili jina liingie, Daktari, inatakiwa wapatikane wagonjwa mia tano waliothibitishwa."

"Wathibitishwe na nani?"

"Na Mizani."

"Mizani itawathibitishaje kwa jina ambalo haina?"

Kutafuna kulisimama. "Hilo ni swali zuri, mama."

"Si swali zuri. Ni mgonjwa wangu."

"Naelewa kabisa. Kuna lingine la kukusaidia?"

Subilaga aliikata simu kabla hajasema neno la kujutia. Alipogeuka, Daktari Ezron Kihwele alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Ezron alikuwa mganga mkuu wa hospitali. Walisoma pamoja, na ofisi zao zilitenganishwa na ukuta mwembamba.

"Nimesikia yote," alisema. "Hata wa maabara wamesikia. Subi, mbona unajitesa? Chagua uvimbe wa mishipa ya damu."

"Si uvimbe wa mishipa ya damu."

"Kwani mishipa ya damu haimo?" Ezron alipuliza chai. "Una haki ya kusahihisha. Ukichagua hilo, hakuna siafu. Mgonjwa anarudi nyumbani, unamwangalia kimya kimya kila baada ya miezi sita. Amepona, umepona, na mimi masikio yangu yamepona."

"Umewahi kufanya hivyo?"

Ezron aliangalia pembeni. "Watatu. Wote wazima hadi leo. Mmoja amezaa."

Subilaga alijua kilichofuata baada ya sahihisho. Kila Jumapili, Mizani ilikusanya masahihisho ya madaktari wa nchi nzima na kuyafanya masomo. Jumatatu, hospitali zote, kuanzia Kigoma hadi Mtwara, zilikuwa zimejifunza.

"Inasoma picha zisizohesabika," Ezron alisema, kana kwamba amemsikia akiwaza. "Tatu zangu zitafanya nini?"

"Kwa ugonjwa wa kila siku, hazifanyi kitu. Kwa uvimbe wa nadra hivi? Huenda mfano wake uko mara tano tu nchi nzima. Hapo tatu zako ndizo mwalimu."

"Basi mwache afe kwa ajili ya ualimu." Ezron alisema hivyo bila ukali, akachukua chai yake na kuondoka.

Subilaga alibaki akiitazama Alhamisi iliyoandikwa hewani. Kisha akatoka kwenda kumtafuta mgonjwa.

Atuganile Kyando alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, suruali ya mazoezi, viatu vya kukimbilia, magoti yakichezacheza. Alikuwa refa wa ligi kuu ya wanawake. Uvimbe ulionekana alipokuja kuhuisha cheti chake cha afya, kile ambacho asiye nacho haruhusiwi kuajiriwa popote. Yeye mwenyewe alikuwa hajisikii chochote, isipokuwa uzito fulani chini ya mbavu akilala ubavu wa kulia.

"Dokta, sema tu," alisema. "Mimi nimeshatukanwa na uwanja mzima. Naweza kupokea."

Subilaga akamweleza: uvimbe si wa hatari, mashine haiutambui, siafu wanaweza kumuua, lakini kuna njia. Atabadilisha jina. Ijumaa atapata cheti chake.

Atuganile aliinama, akaficha uso kwenye magoti. Alipoinuka alikuwa analia na kucheka. "Ndaga, mama," alisema, akishukuru kwa lugha ya kwao wote wawili. "Ndaga fijo. Jumamosi nina mechi."

*

Kabla hajabadilisha jina, aliitwa wodi ya wanaume.

Mgonjwa aliyeletwa kutoka Laela aliitwa Mzee Sikazwe, mkamuaji wa mafuta ya alizeti. Macho yake yalikuwa ya njano iliyokolea, tumbo limejaa maji, na mikono yake mikubwa ilikuwa imelala juu ya shuka kama vitu alivyoazima. Mkewe alisimama kichwani pake na khanga mbili zilizokunjwa.

"Mwaka jana alipimwa kule kwetu," mama huyo alisema. "Mizani ikasema ni uvimbe wa mishipa ya damu, hauna neno, nendeni nyumbani. Tukafurahi. Tukachinja mbuzi, Dokta, tukaita na majirani."

Subilaga aliita picha ya mwaka jana. Ini likaelea juu ya kitanda. Lilikuwa ini lililokunjamana, limejaa makovu ya homa ya ini ya muda mrefu, na ndani yake uvimbe uliokuwa na mng'ao wa mafuta. Kuna saratani za ini zenye mafuta ndani. Hata mwanafunzi angesita mbele ya makovu yale. Mizani haikusita. Iliona mafuta, ikaona mishipa, ikakumbuka kwamba mahali fulani ilishaambiwa vitu hivyo vikikaa pamoja havina neno.

Alitoka hadi koridoni. "Ulifundishwa na nani kuusoma uvimbe ule hivyo?" alinong'ona kwenye kifaa cha mkononi.

"Na madaktari, Daktari."

"Madaktari gani?"

"Masomo hayana majina ya walimu."

Aliporudi, mke wa Mzee Sikazwe alimtazama moja kwa moja. "Kwani ile mashine ilikosea?"

"Iliambiwa vibaya, mama."

"Na nani?"

Subilaga alifungua mdomo. Zikamjia picha tatu za Ezron, na wangapi wengine, watu wema wote, kila mmoja akimwokoa mgonjwa aliyekuwa mbele yake. Na ikamjia picha ya nne iliyokuwa inangoja saini yake. Alimwekea mzee dawa ya maumivu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imebaki.

Jioni ile hakubadilisha jina. Kesho yake pia hakubadilisha. Aliweka kidole juu ya jina la sita, uvimbe wa mishipa ya damu, akakiondoa, akanywa maji, akakiweka tena. Atuganile alikuwa na sura, na sauti, na mechi Jumamosi. Yule mwingine, wa Jumatatu ijayo au wa mwakani, alikuwa hana hata jina. Ilimuudhi jinsi ilivyo rahisi kumsahau mtu ambaye hajafika.

*

Alhamisi asubuhi Atuganile alikuja akiwa amevaa sare ya urefa. Alikuwa amekusudia kutoka hospitali moja kwa moja kwenda kuripoti.

"Sijabadilisha," Subilaga alisema.

"Umechelewa tu. Badilisha sasa."

"Sitabadilisha, Atuganile."

Alimweleza habari za mkamuaji wa alizeti. Alieleza vibaya, akijirudia, kwa sababu refa alikuwa anamtazama kama anavyotazamwa mchezaji aliyejiangusha.

"Ngoja nielewe," Atuganile alisema. "Uliniambia nimepona."

"Nilikwambia huumwi."

"Ndiyo hayo hayo! Leo unaniambia nichague. Niingie kwa siafu nife, au nikatae. Nikikataa tiba ya saratani, cheti kinafutwa na kazi imekwisha. Na yote haya kwa sababu ya mtu wa Laela ambaye simjui?"

"Ndiyo. Hapana. Kwa sababu ya atakayefuata."

"Huyo ndiye kabisa simjui!"

"Hata mimi simjui!" Subilaga alipaza sauti. "Unafikiri napenda? Sijalala vizuri tangu Jumanne. Nina mashine isiyosikia, nina ofisi inayotafuna karanga, nina mganga mkuu anayetaka niseme uongo kwa adabu, na nina wewe, ambaye una haki kwa kila unachosema. Niambie la kufanya."

"Mimi ndiye mgonjwa!" Atuganile alipiga kelele. "Wewe ndiye uniambie!"

Muuguzi alichungulia, akafunga mlango taratibu.

Kanuni zilidai picha ya mwisho kabla ya siafu. Asiyefika kupigwa picha alihesabiwa kuwa amekataa tiba. Kwa hiyo Atuganile aliingia kwenye mtambo, kwa hasira, akajitupa kitandani. Subilaga alikaa upande wa pili wa kioo na mkono wake juu ya kitufe, akijua kwamba baada ya picha hii hakuna tena mahali pa kukimbilia.

"Vuta pumzi," Mizani ilisema ndani ya mtambo. "Ishike. Usitikisike."

"Sishiki!" sauti ya Atuganile ilitoka kwenye spika. "Wewe nyamaza! Dokta, unanisikia? Mimi nimewahi kufuta goli la dakika za mwisho mbele ya mashabiki wenye mawe mikononi. Niliamua! Niliamua nikasimama pale pale! Na wewe, una kitufe kimoja, unashindwa..." Akaanza kukohoa kwa hasira, kitanda kizima kikatikisika.

Juu ya meza ini lilitokea likiwa limevurugika, mistari mitupu, kama kitu kilichochorwa na mtu aliye kwenye lori.

"Picha haifai," Mizani ilisema. "Thibitisha ifutwe. Miadi ya siafu itaahirishwa hadi picha mpya, baada ya wiki mbili."

Subilaga alikuwa ameshanyosha mkono kuomba irudiwe. Akausimamisha. "Picha mbaya inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, Daktari. Picha mbaya haihifadhiwi."

"Na haifundishi?"

"Haifundishi."

Alithibitisha. Kisha akainuka, akaenda kufungua mlango wa mtambo mwenyewe. Atuganile alikuwa amejifuta machozi kwa mkono wa sare.

"Umemaliza kunifokea?" Subilaga aliuliza.

"Bado."

"Vizuri. Uliyobakiza yaweke. Utanifokea tena baada ya wiki mbili, na hapo hapo."

*

Kulikuwa na dawa moja ya zamani, vidonge vyeupe walivyokuwa wakipewa watu waliowekewa figo, ili miili yao isizikatae. Vidonge hivyo viliweza pia kuusinyaza uvimbe wa aina hii, kwa baadhi ya watu. Saratani ya ini isingetikisika kwa dawa ile, kwa hiyo uvimbe ukisinyaa ungekuwa umejithibitisha wenyewe kwamba si saratani. Subilaga alimweleza Atuganile kila kitu: vidonda vya mdomoni, vipimo vya damu, uwezekano wa kuambulia patupu. Akamweleza pia kwamba kila picha mbaya ilikuwa na alama yake kwenye rekodi ya daktari, na kwamba alama zikijaa, daktari huondolewa haki ya saini.

"Ukiondolewa wewe, mimi itakuwaje?"

"Sijafika huko."

"Yaani huna mpango."

"Nina wiki mbili," Subilaga alisema. "Jana sikuwa nazo."

Atuganile alianza kumeza vidonge. Kila baada ya wiki mbili alilala ndani ya mtambo na kukohoa, au kupiga chafya, au kujikuna mgongo. Mara moja aliimba. Cheti chake kiliandikwa "anasubiri," neno lililomruhusu kuchezesha mechi za shule za sekondari tu, na alilalamika juu ya jambo hilo bila kuchoka, juu ya viwanja vyenye ng'ombe na walimu wa michezo wasiojua sheria ya kuotea. Baada ya kila picha, Subilaga alimlaza kwenye kitanda cha kawaida na kumpima kwa kifaa cha mawimbi ya sauti cha kizamani, ambacho hakikuunganishwa na Mizani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwa bado kipo. Mwezi wa kwanza chungwa lilikuwa chungwa. Mwezi wa pili alidhani limepungua, akajizuia kufurahi. Mwezi wa tatu lilikuwa limepungua waziwazi, na Atuganile akaanza kulala ubavu wa kulia bila kusikia uzito.

Mzee Sikazwe alifariki mwezi ule wa pili. Subilaga aliwapigia Laela kutoa pole. Mkewe alimshukuru kwa dawa ya maumivu.

Ezron alikuwa amekwisha kuwaka. "Tumekuwa kituo chenye picha mbaya kuliko vyote nyanda za juu!" alisema, akisukuma mlango bila kubisha. "Wananiuliza kama mtambo wetu umeliwa na panya. Subi, naomba. Chagua jina, tulale."

"Mzee Sikazwe alichaguliwa jina," Subilaga alisema.

"Unanilaumu mimi kwa yule?"

"Sijui kama ni picha zako. Hakuna atakayejua. Mimi najua tu kwamba ya nne haitakuwa yangu."

Ezron aliutazama ukuta uliokuwa kati ya ofisi zao. Kisha akatoka, na safari hii alifunga mlango taratibu.

Ilipofika picha ya nane, alama zilijaa. Subilaga aliweka kidole kwenye meza na meza haikuwaka. Kwa kanuni, mgonjwa wake alihamia kwa mganga mkuu.

Kwa hiyo ni Ezron aliyekaa upande wa pili wa kioo siku ya picha iliyofuata. Subilaga alisimama nyuma yake, mikono kifuani, kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kugusa chochote. Atuganile alikuwa ndani ya mtambo. Alikuwa kimya kabisa. Alimjua Ezron kwa sura tu, na hakujua anachotaka.

"Vuta pumzi," Mizani ilisema. "Ishike."

Alama ya kijani iliwaka. Mgonjwa alikuwa ametulia. Picha ingekuwa safi kuliko zote. Jina la kwanza lingemeta, na Ezron angekuwa na njia mbili: aliache, au ateremshe kidole hadi la sita, kama alivyoshafanya mara tatu.

Ezron alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyechoshwa na dunia. Akabonyeza spika.

"Dada Atuganile," alisema, "kohoa, bwana. Tusipotezeane muda."

*

Hospitali yenye picha mbaya za daktari mmoja ni hospitali yenye daktari mbaya. Picha zilipokuwa mbaya hata mikononi mwa mganga mkuu, Mizani iliamua kwamba mtambo ni mbovu, na mtambo mbovu huletewa mafundi. Walifika wawili, pamoja na mkaguzi wao, Daktari Hidaya Mshangama, mama mwenye mvi aliyetoka ofisi kuu na kuonekana wazi kwamba safari imemchosha. Mafundi walifungua kila kilichofunguka. Hawakukuta kitu.

"Mtambo huu mzima," mkaguzi alisema. "Mmeniletea ugomvi gani hapa?"

"Kaa kwanza," Subilaga alimwambia. "Tumemtafuta mtu kama wewe muda mrefu."

Alimwekea mezani vipimo vyote vya kifaa cha mawimbi, kuanzia chungwa hadi ndimu, na kioo chenye nyama iliyogeuka kahawia. Akamwita Atuganile aje na tumbo lake. Daktari Mshangama alimlaza, akambinya chini ya mbavu kwa vidole vyake, akamuuliza anaumwa wapi, akarudi kwenye hadubini na kukaa hapo mpaka chai aliyoletewa ikafanya utando.

"Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuuona mmoja," alisema hatimaye. "Mmoja tu." Alitoa kalamu, kalamu ya wino kabisa, akafuta agizo la siafu kwa mkono na kumrudishia Atuganile cheti kamili. "Hii naweza. Saini yako, Daktari Mwankenja, siwezi kuirudisha kabla ya mwaka kwisha. Ulifuta picha nzuri kwa makusudi."

"Hakuna iliyokuwa nzuri. Nilihakikisha," Atuganile alisema.

Mkaguzi alikuwa karibu kucheka, lakini Ezron alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Kuna picha tatu za kwangu," alisema. "Niliziita uvimbe wa mishipa ya damu. Hazikuwa. Naomba mzifute."

Mmoja wa mafundi aliacha kukunja waya.

"Hazifutiki," Daktari Mshangama alisema, na uchovu wa safari ukamrudia usoni. "Zimekwisha kuchanganyika na masomo mengine yote. Ni kama kutoa chumvi kwenye maharage yaliyokwisha kuiva."

"Basi ongezeni maharage!" Subilaga alisema. Alikuwa amechoka kiasi cha kutojali anazungumza na nani. "Hii nchi imejaa madaktari walioficha uvimbe kama huu chini ya jina la uongo, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Waulizeni. Waambieni hawatanyang'anywa saini. Picha za kweli zikiwa nyingi, za uongo zitamezwa."

"Mia tano?"

"Tuanze na nne."

Daktari Mshangama aliwatazama mmoja mmoja: daktari asiye na saini, mganga mkuu aliyelowa jasho, refa aliyekuwa anafunga kamba za viatu awahi mazoezi. "Siwezi kuwaahidi kuhusu saini zao," alisema. "Lakini siwezi kuwazuia kupiga simu."

Ezron alikuwa ameshavuta kiti. Alijua mmoja Songea, alisema, na mwingine Njombe ambaye alikuwa na mambo yake lakini hakuwa mwongo kwa asili. Alimpigia wa Songea, akaweka sauti ya nje. Simu iliita kwa muda mrefu.

"Kaka, habari za siku nyingi," alisema ilipopokelewa. "Nina swali. Usikate simu."